Chai ya kuloweka kwenye jagi: moto ukiondoka, kazi yake inafanywa na nani?

Joto la Januari na Februari likiikamata Nairobi, picha zilezile hurudi kwenye simu za watu: jagi la kioo linalotoka jasho kwa nje, vipande vya limau, chai ya rangi ya asali, na maelezo mafupi kwamba haikuguswa na moto. Hapo mabishano huanza. Mmoja anasema hiyo ni strungi, yaani chai isiyo na maziwa, iliyolala, mambo ya watu wa mtaa wa Kilimani wenye muda wa kupoteza. Mwingine amesikia kwamba ni dawa, haina kafeini na inapunguza tumbo. Wa tatu, ambaye aghalabu ni mama wa mtu, anauliza: "Na hayo maji mmeyachemsha?"

Swali la mama ndilo lenye uzito. Lakini kabla ya kulijibu, tutenganishe vinywaji ambavyo watu huvirundika pamoja na kuviita chai baridi.

Kipo kwanza chai iliyopoa: ilipikwa, ikasahaulika mezani, ikapoteza joto. Kipo chai ya barafu, inayotengenezwa kwa maji moto, ikiwa nzito kuliko kawaida, kisha ikamiminwa juu ya barafu. Kipo chai ya chupa ya dukani, ambayo mara nyingi ni maji, sukari, ladha za matunda na dondoo kidogo ya chai. Isome lebo utaona sukari imeandikwa kabla ya chai. Na kipo hiki tunachokizungumzia, chai ya kuloweka: majani makavu yanatiwa kwenye maji baridi, yanaachwa saa kadhaa ndani ya friji, yanachujwa, basi. Hakuna moto tangu majani yaingie jagini mpaka chai iingie kinywani.

Wajapani huloweka chai yao ya kijani hivi, na njia hiyo huiita mizudashi. Marekani wao ni mabingwa wa chai ya barafu, na wana hadithi wanayoipenda kwamba ilizaliwa kwenye maonyesho ya dunia ya St. Louis mwaka 1904, pale Richard Blechynden, aliyekuwa akiitangaza chai ya India, alipoona watu wenye joto wanaikwepa chai yake ya moto. Hadithi tamu, ila kitabu cha mapishi ya Virginia cha mwaka 1879 tayari kilikuwa na maelekezo ya chai ya barafu. Miche ya kwanza ya chai hapa kwetu ilipandwa Limuru mwaka 1903, kwa hiyo wenzetu walikuwa wakiitia chai barafu kabla hata ya shina moja kusimama kwenye udongo wa Kenya.

Moto ulikuwa unafanya nini?

Chai ya Kenya ni chai ya kupikwa. Maji na maziwa vinawekwa kwenye sufuria, majani yanafuata, tangawizi inapondwa, na vyote vinachemka mpaka vinataka kumwagika na mpishi anakimbia kupunguza moto. Tumezoea kuona hapo kazi moja tu, kupata rangi na ladha. Moto ule unafanya kazi tatu kwa mpigo. Unatoa ladha kwenye majani. Unaua vijidudu vilivyomo kwenye maji, kwenye maziwa, kwenye majani yenyewe na hata kwenye sufuria ambayo haikuoshwa vizuri. Na unayeyusha sukari.

Kuloweka kunaliondoa jiko lote, na kazi zote tatu zinabaki bila mwenyewe. Ile ya kwanza inachukuliwa na muda. Zile nyingine mbili hazichukuliwi na yeyote, labda uzifanye wewe kabla. Karibu kila mkanganyiko kuhusu jagi hili unatokana na kusahau jambo hilo, maana video inaonyesha ladha tu. Usafi hauonekani kwenye kamera.

Tuanze na ladha. Jani la chai lina vitu vingi, lakini vitatu vinatosha kueleza tofauti. Kuna kafeini, inayochangamsha na ambayo yenyewe ni chungu. Kuna familia ya tanini, inayoipa chai rangi, mwili na ule ukakasi unaokausha ulimi. Na kuna theanini, aina ya asidi ya amino yenye ladha laini, tamutamu kwa mbali. Theanini inayeyuka kwa urahisi hata kwenye maji baridi. Kafeini na tanini zinapenda joto: kwenye maji moto zinatoka kwa kasi, kwenye baridi zinajikokota. Ndiyo maana chai ya kuloweka ni laini na haihitaji sukari nyingi. Baridi haikuuondoa uchungu; imeuacha ndani ya majani, nawe umeyatupa majani.

Mtu yeyote aliyepika githeri anaijua hesabu hii. Maharagwe makavu ukiyaloweka usiku kucha, maji na muda vinafanya kazi ambayo ingekula makaa. Ila maharagwe asubuhi yanarudi motoni. Chai hairudi, na hapo ndipo kazi ya pili, ile ya vijidudu, inapoanza kutukodolea macho.

Maji, yaani swali la mama

Sehemu kubwa ya maji ya mfereji ya Nairobi hutoka milima ya Nyandarua, kwenye mabwawa kama Ndakaini na Sasumua, na yale ya Ndakaini husafishwa Ng'ethu kabla ya kuteremka mjini. Yakitoka pale yamesafishwa. Shida ni safari iliyobaki. Kuna mgao, na mabomba yakikaa matupu siku kadhaa hunyonya uchafu kwenye nyufa. Kuna tangi la juu ya paa ambalo mwenye nyumba hakumbuki liliwahi kuoshwa lini. Kuna bowser, lile lori la maji, kuna mkokoteni wa mitungi, kuna kisima cha ploti. Maji yanayofika kwenye glasi yako yamepitia mikono mingi kuliko unavyofikiri.

Ukipika chai, yote hayo yanasamehewa na moto. Ukiloweka, hayasamehewi. Kwa hiyo jibu la mama ni ndiyo, maji ya chai ya kuloweka Nairobi yanachemshwa, kisha yanapozwa yakiwa yamefunikwa, ndipo yanakutana na majani. Jina "baridi" linaeleza maji yakoje wakati wa kuloweka, halikuambii yaliwahi kuwa wapi kabla ya hapo. Anayetazama video iliyopigwa kwenye nchi ambako watu hunywa moja kwa moja bombani atakosa hatua hii kwa sababu aliyeipiga hakuwa na haja nayo.

Hapa nichomekee jambo dogo la jiografia. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kwa sababu hiyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, wakati ya Mombasa yanafika 100. Watu wakisikia hivyo huingiwa na wasiwasi kwamba hatuchemshi vya kutosha. Nyuzi 94 zinatosha kabisa kuua vijidudu vya maradhi ya tumbo. Yaache maji yatokote kwa dakika moja kamili. Ukiwa juu zaidi ya mita 2,000, kama Limuru, yape dakika tatu. Anayetumia dawa ya klorini badala ya moto asubiri nusu saa kabla ya kutumia maji, na ajue harufu yake itaingia kwenye chai. Kwenye chai ya maziwa yenye tangawizi usingeihisi. Kwenye chai laini kama hii utaihisi.

Maji ya kisima ni habari nyingine. Visima vingi vya Nairobi na viunga vyake vina maji tunayoyaita ya chumvi, yenye madini mengi, na chai yake hutoka nyeusi iliyofifia, yenye utando juu na isiyo na harufu. Baadhi vina floraidi nyingi, ile inayoacha meno ya watoto na madoa ya kahawia. Kuchemsha hakuiondoi floraidi. Kinyume chake, maji yakipungua kwa mvuke inazidi kukolea. Na mmea wa chai nao huikusanya floraidi kwenye majani yake. Kama kisima chenu kinajulikana kwa hilo, tafuta maji mengine kwa ajili ya chai, iwe ya moto au ya baridi.

Barafu nayo ni maji. Kuganda hakuui vijidudu vingi. Vinalala tu, vikisubiri glasi yako iviamshe. Kutumia maji yaliyochemshwa kwenye jagi kisha kudondosha barafu ya maji ya bomba ni kufunga mlango na kuacha dirisha wazi, na ndilo kosa ninaloliona mara nyingi zaidi, hata kwa watu makini.

Majani yetu hayakuumbwa kwa kazi hii

Nyeusi, kijani, nyeupe au zambarau, chai yote hutoka kwenye mmea mmoja, Camellia sinensis. Kinachotofautisha ni aina ya mche na jinsi jani lilivyotendewa kiwandani. Sehemu kubwa mno ya chai ya Kenya hutengenezwa kwa njia inayojulikana kwa herufi CTC, iliyobuniwa Assam, India, katika miaka ya 1930. Majani mabichi hupitishwa kati ya mitambo miwili ya mviringo yenye meno inayozunguka kwa kasi tofauti. Yanakatwa, yanararuliwa na kuviringwa kuwa chembe ndogo ngumu. Hizo ndizo zile punje za kahawia nyeusi kwenye paketi ya jikoni kwako. Viwanda huzipanga kwa ukubwa na kuzipa majina: BP1 ni punje kubwa, PF1 ni ndogo zaidi, na D1 inakaribia vumbi.

Njia hii ilikusudiwa kutoa chai nzito, haraka, yenye nguvu ya kushindana na maziwa. Kwa chai yetu ya asubuhi hakuna inayoishinda. Lakini punje ndogo maana yake ni uso mkubwa unaogusana na maji, na seli za jani tayari zimepasuliwa, kwa hiyo hata kwenye maji baridi rangi huanza kutoka ndani ya dakika chache. Maelekezo mengi ya mtandaoni yanasema loweka saa kumi na mbili. Yaliandikwa kwa majani marefu. Ukiitesa PF1 kwa saa kumi na mbili utapata kinywaji cheusi chenye ukakasi na tope chini, utasema chai ya kuloweka ni upuuzi, na utakuwa umeihukumu kwa ushahidi wa uongo.

Kwa punje za kawaida, saa tatu hadi nne kwenye friji zinatosha. Onja ya tatu. Kipimo kiwe gramu 6 hadi 8 kwa lita moja, ambazo ni vijiko viwili au vitatu vya chai visivyojaa sana. Vifuko vya chai ni rahisi zaidi kwa anayeanza: kimoja huwa na gramu 2 hivi, basi vinne kwa lita, na hakuna vumbi la kuhangaika nalo.

Yapo pia majani ya orthodoksi, yaliyosokotwa bila kusagwa, yanayoonekana kama vijiti vyembamba vilivyojikunja. Kenya tunayatengeneza, ikiwemo kwenye baadhi ya viwanda vya wakulima wadogo vilivyo chini ya shirika la KTDA, ingawa mengi hupanda meli. Haya ndiyo yaliyozaliwa kwa jagi. Yape gramu 8 hadi 10 kwa lita, uyaache saa nane hadi kumi na mbili, yaani unayatia jioni unayachuja asubuhi. Hayana hasira; ukichelewa saa moja hayakuadhibu. Chai ya kijani inahitaji muda mfupi kidogo, saa nne hadi sita.

Kisha kuna chai ya zambarau, fahari ya watafiti wetu wa Kericho. Mche wake, TRFK 306/1, ulitolewa kwa wakulima mwaka 2011. Majani yake yana antosiani, rangi ileile iliyomo kwenye kabeji ya zambarau. Chai yake ikilowekwa hutoka imepauka, na mgeni anaweza kudhani umemnyima majani. Kamulia limau: rangi inageuka kuwa ya waridi mbele ya macho yake, kwa sababu antosiani hubadilika zikikutana na asidi. Watoto wanalipenda sana jambo hilo. Chai nyeusi nayo hung'aa kidogo ukiitia limau, ila haileti tamasha kama hilo.

Jagi lenyewe

Kioo hakina miujiza. Chombo chochote safi cha chakula chenye mfuniko kinaweza kuloweka chai. Kioo kina sifa mbili za kweli: hakishiki harufu, na unaona ndani. Jagi la plastiki lililowahi kubeba juisi ya mapera litakumbuka mapera hayo mwaka mzima, na mikwaruzo yake midogo ni maficho mazuri ya uchafu.

Hatari ya kioo ni maji moto. Majagi mengi yanayouzwa mjini, kuanzia maduka ya vyombo ya Kamukunji hadi supamaketi, ni kioo cha kawaida. Kikimwagiwa maji yanayochemka, upande wa ndani unatanuka kabla ya upande wa nje, na kioo kinapasuka, wakati mwingine mkononi. Kioo cha borosilikati, kile cha vyombo vya maabara, hutanuka kwa theluthi moja tu ya kile cha kawaida, kwa hiyo kinavumilia. Kama hujui lako ni la aina gani, lichukulie kuwa la kawaida. Liteue lenye mdomo mpana unaopitisha mkono, maana jagi usiloweza kulisugua chini litaota utelezi ambao hutauona mpaka uunuse. Lioshe kwa sabuni na maji vuguvugu, ulisuuze kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, uligeuze likauke lenyewe. Usilifute kwa kile kitambaa cha jikoni kilichofuta meza.

Baada ya hayo yote, kutengeneza chai yenyewe ni kazi ya dakika mbili. Majani ndani, maji baridi juu, koroga mara moja ili yote yalowe, funika, weka friji, sehemu ya ndani kabisa kwenye baridi. Mlangoni panapata joto kila mtu anapokuja kutafuta mabaki ya chapati. Mfuniko ni lazima kwa sababu chai huvuta harufu haraka, na friji yenye vitunguu vilivyokatwa itakupa chai ya vitunguu. Muda ukifika chuja, kwa punje za CTC pitisha kwenye kitambaa cheupe kilichochemshwa, na usirudishe majani jagini. Yakibaki yanaendelea kutoa, na chai ya asubuhi haitakuwa ile ya jioni.

Mnanaa, mchaichai na tangawizi vinapendeza, lakini ni vitu vya shambani, na ukinunua soko la Marikiti au kwa mama mboga huwezi kujua vilimwagiliwa maji gani. Kuosha kunapunguza, hakumalizi. Ningevichemsha pembeni kwenye maji kidogo, nikayapoza, nikayamimina kwenye jagi. Ladha yake hata inatoka vizuri zaidi hivyo. Limau likatwe glasini wakati wa kunywa. Likilala na maganda yake ndani ya jagi, chai huchukua uchungu wa ganda.

Imebaki kazi ya tatu ya moto. Watu husema sukari haiyeyuki kwenye baridi. Inayeyuka, na nyingi tu, ila polepole mno, ndiyo maana unakoroga mpaka mkono unachoka na bado inakaa chini kama mchanga. Dawa yake kila jiko la Pwani inaijua kutokana na kaimati: shira. Sukari kikombe kimoja, maji kikombe kimoja, motoni mpaka iyeyuke, ipoe, iwekwe kwenye chupa ndani ya friji. Kila mtu ajitilie kwenye glasi yake. Jagi lisilo na sukari pia linakaa vizuri zaidi.

Friji, stima na jua

Kanuni ya afya ya chakula ni kwamba kati ya nyuzi 5 na 60 vijidudu huongezeka upesi, na chakula kilichotayarishwa hakifai kukaa humo zaidi ya saa mbili. Meza ya jikoni Nairobi iko katikati ya eneo hilo, Julai na Februari sawasawa. Kwa hiyo sikubaliani na wanaoloweka mezani usiku kucha kisha asubuhi ndipo wanaweka friji. Inaweza kupita mara nyingi bila tatizo. Siku isipopita utalaumu mayai.

Chai ya jua, ambayo Wamarekani huiweka kwenye chupa kubwa nje mchana, ni mbaya zaidi ya hiyo. Juu ya ghorofa za mtaa wa Pipeline lipo jua la kutosha kupasha jagi hadi uvuguvugu mtamu kabisa kwa bakteria, lakini halitoshi kuwaua. Majani makavu hayana hatia sana, ila si safi kama dawa: yamekauka kiwandani kwa joto, kisha yamepitia magunia, vijiko na mikono.

Stima ikipotea, friji iliyofungwa hushika baridi kwa karibu saa nne. Usiifungue kila dakika kuangalia. Ikizidi hapo na jagi limepata uvuguvugu, mwagia maua. Katika hali ya kawaida kinywaji hiki ni cha siku mbili au tatu, na kikiwa na matunda ndani ni cha siku moja.

Na asiye na friji? Asiloweke. Apike strungi nzito, aichuje, aifunike na kuisimamisha sufuria kwenye beseni la maji baridi mpaka ipoe, ainywe siku hiyohiyo. Huo ndio ushauri wangu pia kwa nyumba yenye mtoto mchanga anayeanza vyakula, mama mjamzito au mtu ambaye kinga yake imeshuka. Ladha itakuwa kali kidogo kuliko ya kuloweka, lakini moto utakuwa umefanya kazi yake.

Yanayosemwa na yasiyo kweli

Kwamba haina kafeini. Inayo. Kikombe cha chai nyeusi ya moto huwa na miligramu 40 hadi 50 hivi, karibu nusu ya kahawa. Kuloweka kunatoa kafeini taratibu, lakini saa nyingi na punje ndogo zinafidia, na tena kitu laini hunywewa glasi tatu badala ya kikombe kimoja. Mwenye kukosa usingizi asiidharau.

Kwamba chai iliyolala inageuka sumu. Hakuna sumu inayozaliwa na chai kwa sababu tu saa zimepita. Kinachoiharibu ni vijidudu, na vinategemea usafi, joto na kilichochanganywa ndani. Chai ya maziwa iliyolala mezani ni ya kumwaga, bila mjadala. Strungi ya kuloweka iliyolala ndani ya friji haijafanya kosa lolote.

Kwamba ikiwa na ukungu, yaani kutoonekana ndani vizuri kama yenye wingu, si kuvu, imeoza. Chai iliyopikwa nzito ikipoa huingia ukungu kwa sababu kafeini na baadhi ya rangi zake hushikana na kuganda. Mimina maji moto kidogo, ukungu unatoweka. Ya kuloweka hupata ukungu huo mara chache, kwa kuwa vitu hivyo havikutoka vingi. Ishara za kuharibika ni nyingine: harufu ya uchachu, povu lisilo na sababu, au nyuzinyuzi zinazoteleza kama ute wa mlenda. Ukiziona hizo usionje ili kuhakikisha.

Kwamba vinywaji baridi vinaleta homa na nimonia. Homa ya mafua huletwa na virusi, na jagi halina virusi hivyo labda yule mwenye mafua awe amekunywea humo. Najua hoja hii haitashinda nyumbani kwenu. Nimeiandika tu.

Kwamba inapunguza mwili. Ukibadilisha soda mbili za kila siku na glasi mbili za chai isiyo na sukari, utapunguza sukari nyingi, na hilo ni jambo zuri. Sifa ni ya soda uliyoiacha.

Lipo jambo moja ambalo halisemwi sana na lingefaa kusemwa. Tanini huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yatokayo kwenye maharagwe, ndengu na sukuma wiki. Ya kuloweka ina tanini pungufu, lakini inazo. Kwa nyumba ambayo chuma chake chote kinatoka kwenye mboga, na hasa kwa wasichana na wajawazito, jagi lisipande mezani pamoja na ugali. Liache saa moja kabla au baada ya chakula.

Na maziwa? Kila mkutano wa Nairobi lazima mtu aulize. Usiyaloweke pamoja na majani. Saa zile zote ni karamu ya bakteria. Ukiyaongeza glasini, protini za maziwa zitanasa kile kidogo cha tanini kilichotoka, na utabaki na kitu cha kijivu kisicho chai wala maziwa. Anayetaka chai ya maziwa ya baridi aipike kama kawaida, majani yakizidi kidogo, aichuje, aipoze upesi, aiweke friji na kuimaliza kabla ya siku kuisha.